Tarehe za Chuo na Msimu wa Madaba

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazee wetu, ndugu zangu tuliosoma hapa zamani, nanyi wanafunzi mlioketi huko nyuma kwa utulivu ambao sisi hatukuwa nao:

Kamati iliponiandikia ilinitaka niseme machache juu ya "elimu ya juu na matatizo yake". Kichwa hicho ni kipana mno. Mimi ni mtumishi wa serikali, nami nimehudhuria mikutano ya kutosha kujua kwamba mtu akipewa kichwa kipana husema mengi na kuwaacha watu pale pale alipowakuta. Kwa ruhusa yenu nimekikata. Nitasema juu ya tarehe mbili tu: tarehe ya mwisho ya kulipa ada chuoni, na tarehe ya mwisho ya kujiandikisha kozi. Naona vijana wetu wengi wenye akili nzuri na vyeti vizuri wanakwama hapo, wala si kwenye mtihani.

Yafaa kwanza tuelewane, maana sisi wa zamani na ninyi wa sasa hatuzungumzi juu ya chuo kilekile. Wazee wetu waliokwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na 1980 hawakuulizwa ada. Serikali ilimlipia mwanafunzi masomo, chakula na kitanda, na hata waranti ya kusafiria alipewa. Deni lake kwa taifa lilikuwa la namna nyingine: kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, kufanya kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Kwa hiyo mzee wa namna hiyo anapomwambia mjukuu wake, "Nenda tu mwanangu, ukishafika chuoni watakupokea," hasemi uongo. Anasema kweli ya wakati wake. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990 ulipoanza utaratibu wa kuchangia gharama. Mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na Bodi ikaanza kazi mwaka 2005. Tangu hapo mlango wa chuo una karani, na karani ana kalenda.

Tena haukubadilika kwa amani tupu. Wengine humu mtakumbuka Aprili 2007, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipogoma kupinga sharti la kulipa wenyewe asilimia 40 ya ada, Bodi ikilipa 60. Walirudishwa nyumbani. Hata majirani zetu hawakusalimika. Oktoba 2019 wanafunzi wa Makerere waliandamana kwa sababu ya ada kupandishwa asilimia 15. Sikuja hapa kuamua nani alikuwa na haki. Nataka tuone tu kwamba jambo la ada na tarehe zake si dogo, na limewahi kufunga milango ya vyuo.

Sasa ninyi wanafunzi mlioko hapa mna hali ya pekee. Tangu Januari 2016 hakuna ada kidato cha kwanza mpaka cha nne katika shule za serikali, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 hata kidato cha tano na cha sita ada imeondolewa. Kabla ya hapo ada ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule ya kutwa na 70,000 kwa bweni, na mzazi alizoea angalau kulisikia neno hilo: ada, muhula, stakabadhi. Mimi nafurahi kwamba ada imeondolewa. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana wa leo, na mzazi wake pia, anaweza kufika umri wa miaka 20 bila kuletewa hata mara moja karatasi isemayo: lipa kiasi fulani, kabla ya siku fulani, la sivyo hutaingia. Karatasi ya kwanza ya namna hiyo anaipokea kutoka chuo kikuu, na inadai milioni.

Hapo ndipo msimu wetu unapoingia. Nawaombeni tuuangalie kwa makini, kwa kuwa huko mijini ambako kalenda hizi hutungwa sidhani kama yuko anayeufikiria.

Sisi wa Madaba, kuanzia Gumbiro na Mtyangimbole mpaka Wino na Mkongotema, fedha yetu hutoka shambani. Mahindi tunavuna kuanzia Mei, tunapukuchua, na kufikia Julai na Agosti tunauza. Huo ndio wakati mzee ana fedha mfukoni, bati linanunuliwa, harusi zinafungwa, na deni la duka linalipwa. Vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Fedha ya Agosti wakati huo imebaki kidogo, na hicho kidogo kina mwenyewe tayari: mbolea. Hata kwa bei ya ruzuku mbolea hununuliwa kwa fedha taslimu, na mvua za mwisho wa Novemba hazimsubiri mtu. Kwa hiyo barua ya chuo na mfuko wa mbolea hugonga mlango wiki moja. Mzazi akilipa ada atapanda bila mbolea, na mwaka unaofuata hatakuwa na ada wala chakula. Akinunua mbolea, kijana anachelewa kujiandikisha.

Muhula wa pili ni mbaya zaidi. Huanza karibu na Machi au Aprili, mahindi yakiwa bado mabichi shambani na ghala likiwa tupu. Mwezi huo ukimwomba mzee laki nne atakuuliza kama umesahau ulikozaliwa.

Ndugu zangu, huo si uvivu wa wazazi, na wala si kwamba hawapendi elimu. Ni kalenda mbili zilizotungwa na watu wasiojuana. Ya chuo hatuwezi kuibadilisha tukiwa hapa Madaba. Ya kwetu twaweza kuirekebisha kidogo. Chukua hesabu nyepesi. Shahada nyingi za sanaa katika vyuo vya umma ada yake ni kama shilingi milioni 1 kwa mwaka, na za sayansi huzidi. Tuseme kijana kapata mkopo wa asilimia 60 ya ada. Amebakiwa na laki nne. Tuseme tena mahindi yanauzwa shilingi 400 kwa kilo. Hayo ni magunia kumi ya kilo mia mia. Magunia kumi mwezi wa Julai yanaonekana, yamelala pale ukumbini. Mwezi wa Novemba magunia kumi ni hadithi. Mzazi mwenye kijana aliyefanya mtihani wa kidato cha sita mwezi wa Mei asisubiri barua ya chuo. Atenge magunia hayo siku ya kupukuchua, ayatie alama, na aiambie nyumba nzima ni ya nani. Kama kijana hakuchaguliwa, magunia hayajaoza. Wenzetu wa Mkongotema wanaolima tangawizi nao wafanye hesabu yao kwa namna hiyo hiyo.

Nimetaja mkopo, na hapa pana neno moja linalowaponza vijana: "Nimepata." Mtu akiona jina lake katika orodha ya Bodi hupiga simu nyumbani, "Baba, nimepata mkopo," na baba siku hiyo hiyo anauza lile gunia la akiba. Kumbe mkopo hutolewa kwa asilimia na kwa vipengele. Mwingine anapewa ada yote, mwingine sehemu, mwingine chakula na malazi pekee. Tena yako malipo ambayo mwanafunzi huyatoa mwenyewe hata akiwa na mkopo: kitambulisho, serikali ya wanafunzi, shilingi 20,000 za Tume ya Vyuo Vikuu, bima ya afya ambayo kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na mengineyo. Vyuo vingi havimwandikishi mtu mpaka hayo yamelipwa. Kwa hiyo ukiona jina lako, usipige simu kwanza. Soma vipengele vyote mpaka chini, utoe kwenye jumla ya chuo, na kinachobaki ndicho cha kumwambia baba.

Kuupata huo mkopo nako kuna tarehe zake. Dirisha la maombi hufunguliwa katikati ya mwaka na kufungwa. Anayekosa si daima mwenye uwezo. Mara nyingi ni yule ambaye cheti chake cha kuzaliwa hakijahakikiwa na RITA, au aliyefiwa na mzazi lakini hana cheti cha kifo, au ambaye jina la kwenye cheti cha kuzaliwa ni la baba na la kwenye cheti cha kidato cha nne ni la babu. Mambo hayo hayarekebishwi kwa wiki moja ya mwisho, mtandao umejaa na wakili yuko Songea mjini. Yarekebishwe ukiwa kidato cha tatu. Naomba walimu wanisaidie: mwanafunzi anapojazwa fomu za usajili wa mtihani, mtu amkague majina yake herufi kwa herufi. Herufi moja iliyozidi hapa shuleni humgharimu kijana nauli tatu baadaye. Na kwa wale watakaokwenda vyuo vya kati, msidhani hayawahusu. Tangu mwaka 2023/24 Bodi imeanza kutoa mikopo kwa stashahada za fani zilizopewa kipaumbele, kwa masharti yanayofanana.

Sasa nieleze usajili wenyewe, kwa kuwa neno moja limebeba mambo matatu.

La kwanza ni kuthibitisha nafasi. Kijana akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja, ndani ya siku zilizotangazwa na Tume, kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Simu hiyo iwe yake, au ya mtu anayelala nyumba moja naye. Nimewahi kukutana na kijana aliyeandika namba ya mjomba wake aliyeko Mbinga. Mjomba aliona ujumbe, akadhani ni matapeli, akaufuta.

La pili ni usajili wa mwanafunzi. Huu ndio unaotaka ada. Unapewa kumbukumbu namba ya malipo, ile vijana wanayoiita kontroli namba, unalipa benki au kwa simu, na mfumo wa chuo unaona. Usimpe mtu fedha mkononi, hata akiwa amevaa tai. Vyuo vingi hukubali ada ilipwe kwa mafungu mawili, moja kila muhula, na hutoa kama wiki mbili za mwanzo kukamilisha. Angalieni mtego uliopo: fedha ya kujikimu kutoka Bodi humfikia mwanafunzi baada ya kusajiliwa, na kusajiliwa hakuwi mpaka amelipa kile kinachomhusu. Yaani ili upate fedha ya chakula yapasa kwanza uwe na fedha. Mtoto wa mjini hukaa kwa shangazi wiki hizo mbili. Mtoto wa Ifinga hukaa kwa nani?

La tatu ni usajili wa kozi, nalo ndilo linalosahauliwa kuliko yote kwa sababu halina foleni. Mtu amelipa, ana kitambulisho, anahudhuria darasani, anafanya mazoezi, lakini hakuingia kwenye mfumo kuchagua kozi zake za muhula ule. Mbele ya mwalimu ni mwanafunzi, mbele ya chuo hayupo. Mwisho wa muhula jina lake halimo kwenye orodha ya mtihani, au mtihani kafanya na alama hazina pa kukaa. Usajili huu hufanywa kila muhula, si mara moja, na siku ya kuongeza au kuacha kozi nayo ina mwisho wake, kwa kawaida ndani ya wiki chache za kwanza. Tena hesabuni krediti zenu. Shahada ya miaka mitatu nchini hutaka krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, 60 hivi kwa muhula. Anayechukua pungufu mwaka wa kwanza kwa kupenda wepesi hatashtuka mwaka wa kwanza. Atashtuka mwaka wa tatu, wenzake wakipimwa joho. Kozi za hiari zilizo nzuri hujaa mapema, kwa hiyo fanya hivyo siku ya kwanza, upige chapa karatasi, uiweke. Mimi bado ni mtu wa karatasi. Mfumo ukikataa, karatasi huongea.

Nije kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Nawafahamu vijana wawili wa tarafa hii, wote walikwenda mwaka mmoja katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Wote wawili walifika wiki ya pili wakiwa na upungufu, mmoja laki tatu, mwingine laki mbili na nusu. Wa kwanza alikaa chumbani kwa rafiki, akahudhuria vipindi kimya kimya akitumaini fedha itakuja. Wiki ya saba akaona aibu, akapanda basi akarudi. Hakumwambia mtu. Chuo kikamhesabu kuwa ameacha masomo bila ruhusa, na nafasi yake ikaishia hapo. Wa pili alikuwa maskini kuliko yule, lakini alikuwa na mdomo. Alikwenda kwa mshauri wa wanafunzi, akaeleza, akaambiwa aandike barua ya kuomba kuahirisha masomo, na barua ya mwenyekiti wa kijiji ikaambatanishwa. Akaruhusiwa. Akarudi nyumbani, akalima msimu mmoja na baba yake, akaenda tena mwaka uliofuata na namba yake ileile ya usajili. Leo huyo wa pili ni mwalimu wa sayansi. Yule wa kwanza ni kijana hodari vilevile, anaendesha bodaboda hapa barabara ya Njombe, na si kosa kuendesha bodaboda, lakini si alilolitaka.

Tofauti yao ilikuwa barua moja. Kila chuo kina kanuni zake za kuahirisha, na sababu zinazokubaliwa si sawa kila mahali, kwa hiyo zisomeni katika kitabu cha mwongozo kabla hamjapatwa. Lakini hakuna chuo ninachokijua ambacho kinamtendea aliyeandika sawasawa na aliyetoroka. Sisi wa kwetu tumelelewa kutolia mbele ya watu, na malezi hayo ni mazuri msibani. Ofisini hayafai. Ofisi haina njia ya kujua kuwa una shida isipokuwa umeiandikia, na mimi nimekaa upande wa pili wa meza miaka ya kutosha kulisema hili bila wasiwasi. Na ambaye ameshindwa kabisa kukaa Dar es Salaam au Dodoma, akumbuke kuwa Chuo Kikuu Huria kina kituo chake Songea, na huko mtu hulipia kulingana na kozi alizojiandikisha, akiwa analima.

Ndugu Mwenyekiti, nina pendekezo moja kwa sisi wa zamani. Kila mkutano tunachangia. Mwaka huu tumechangia rangi ya ukuta, nami nimetoa changu kwa moyo. Lakini naomba mkutano ujao tutenge kiasi kwa ajili ya zile wiki mbili za mwanzo. Sisemi tulipe ada za watu. Hatutaweza, na tukijaribu tutagombana mwaka wa kwanza. Nasema tumkopeshe kijana laki moja, au laki mbili, aliyekwisha kuchaguliwa, mwenye barua ya chuo na orodha ya mkopo mkononi, ili asajiliwe. Fedha ya Bodi ikimfikia arudishe, kidogo kidogo, naye mwenzake akope. Fedha ilipwe kwa kumbukumbu namba ya chuo chenyewe, isipite mkononi mwa mtu, hata wangu. Wako watakaosema vijana hawatarudisha. Baadhi hawatarudisha. Lakini humu ndani tuko wengi tunaokatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, tukitoka kwenye asilimia 8, na tunanung'unika, na bado tunalipa. Tunajua deni ni nini.

Kuhusu nani asimamie, maoni yangu ni kwamba isiwe kamati ya watu kumi na wawili. Wawe watatu: mwalimu mmoja, mzazi mmoja, na mmoja wetu anayeishi hapa hapa Madaba, si sisi tunaokuja na magari mara moja kwa mwaka. Kiasi cha kuanzia sikipangi mimi. Nimemwachia mweka hazina karatasi yenye hesabu ya vijana kumi, muione.

Na ninyi kidato cha nne, wale ambao cheti cha kuzaliwa hamnacho, msiondoke leo kabla hamjaandika majina kwa mwalimu wa taaluma. Nimeomba nafasi kesho asubuhi, kabla ya basi langu, tukae naye tuone nani aanzie wapi.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Kama yapo maswali, nayakaribisha, na wanafunzi waulize kwanza.